Likizo ya Familia katika Bustani za Burudani za Dubai: Chagua Wiki Kabla ya Kuchagua Bei

Mzazi aliyewahi kuwapeleka watoto ufukwe wa Coco jijini Dar es Salaam alasiri ya Idi Mosi hahitaji kuelezwa maana ya msongamano. Mahali ni palepale na bahari ni ileile, ila siku imebadilika. Na siku ikibadilika, hubadilika pia nafasi ya kuegesha gari, foleni ya chipsi na subira ya watoto. Hata hivyo, aliyefika Coco akakuta hapapitiki hurudi nyumbani na kujaribu tena Jumatano. Familia iliyosafiri hadi Dubai kwa akiba ya miaka miwili haina Jumatano nyingine.

Dubai ni miongoni mwa miji ya nje ambayo familia ya Kitanzania huweza kuifikia bila kubadili ndege, kwa safari ya takriban saa tano na nusu kutoka Dar es Salaam. Tangu mwaka 2016 mji huo umekuwa na bustani kubwa za burudani zinazowalenga watoto: IMG Worlds of Adventure, ambayo yote iko chini ya paa, pamoja na Motiongate na Legoland, zilizo jirani katika eneo moja kando ya barabara iendayo Abu Dhabi. Huko Abu Dhabi, katika kisiwa cha Yas, ziko Ferrari World iliyofunguliwa mwaka 2010, Yas Waterworld ya mwaka 2013, Warner Bros. World ya mwaka 2018 na SeaWorld ya mwaka 2023. Mawakala wa safari wa hapa nchini huziuza kama sehemu ya kifurushi: ndege, hoteli, viza na "siku moja ya bustani". Vipeperushi huonesha picha na bei. Ni nadra kumweleza mlaji ni wiki gani ya mwaka anayouziwa, ilhali wiki ndiyo huamua kama bei ile ni nafuu au ni hasara.

Foleni hukuaje

Chukua bembea moja kubwa, ile ya treni ipandayo juu kwa taratibu na kushuka kwa kasi. Tuseme treni ina viti 24 na huondoka kila baada ya sekunde 90. Kwa saa moja itaondoka mara 40, nayo itabeba watu 960, hata uwanja ukijaa vipi. Ikiwa watu wanaofika kwenye bembea hiyo ni 900 kwa saa, hakuna foleni ya kutajwa. Wakifika 1,160, kila saa hubaki watu 200 wasiopata nafasi. Baada ya saa tatu wamebaki 600, na anayejiunga mwisho wa mstari atasimama zaidi ya dakika 37. Kwa hiyo ongezeko dogo la wageni halileti ongezeko dogo la foleni. Uwezo wa bembea ukishapitwa, foleni huendelea kurefuka mpaka watu waanze kukata tamaa au kwenda kula.

Sasa tuigeuze hesabu hiyo kuwa fedha. Tuseme bustani hufunguliwa kwa saa tisa, nawe unatumia mbili kati ya hizo kwa chakula, swala na mapumziko. Zimebaki dakika 420. Siku ambayo kila bembea inakugharimu dakika 50 za foleni na kumi za kupanda na kutembea, utapanda mara saba. Siku ambayo foleni ni dakika kumi, utapanda mara 21, kama miguu itaruhusu. Kwa tiketi ya mfano ya dirhamu 300, siku ya kwanza kila bembea imekugharimu karibu dirhamu 43, na siku ya pili dirhamu 14 na kidogo. Tiketi ni ileile, na pengine hata bei ni ileile.

Ndiyo maana bustani nyingi huuza tiketi ya ziada ya kupita foleni. Si ulaghai, na katika wiki iliyofurika inaweza kuwa na thamani yake. Katika wiki tulivu, hata hivyo, ni kulipia kitu ambacho tayari unacho. Usikubali iingizwe kwenye kifurushi kabla ya kujua utasafiri lini. Unaweza kuinunua siku hiyohiyo, ukiwa umekwisha kuiona foleni kwa macho yako.

Kalenda ya kwetu na kalenda yao

Kosa la kawaida la familia nyingi ni kuangalia kalenda moja tu, ile ya shule ya watoto wao. Shule zetu hufunga kwa muda mrefu mara mbili: mwezi Juni, na mwezi Desemba hadi wiki ya pili ya Januari. Kwa kuwa Desemba ndiyo likizo kubwa, wengi huichagua bila kufikiri zaidi. Bahati mbaya Desemba ndiyo pia mwezi ambao hali ya hewa ya Dubai ni nzuri mno, jotoridi la mchana likiwa kati ya nyuzi 24 na 27 hivi, na ndipo wageni kutoka Ulaya, Urusi, India na nchi jirani za Ghuba huikimbilia. Wenyeji nao wamefunga shule. Kuanzia takriban tarehe 20 Desemba hadi tarehe 3 au 4 Januari, makundi haya yote hukutana katika mstari mmoja, huku hoteli zikitoza bei zake za juu kabisa.

Lakini Desemba si kipande kimoja. Tarehe 2 na 3 ni sikukuu ya taifa ya Umoja wa Falme za Kiarabu, na bustani hujaa. Baada ya hapo huwa kuna utulivu wa muda, hadi shule za huko zifunge. Muda huo haulingani kila mwaka, na hapa ndipo mzazi anapaswa kuwa makini: mwaka 2024 shule nyingi za Dubai zilifunga katikati ya Desemba, ambapo mwaka 2025 likizo ilianza tarehe 8. Aliyeushika ushauri wa mwaka uliotangulia alijikuta amefika pamoja na wenyeji. Kalenda ya shule za Falme za Kiarabu hutangazwa mapema na serikali yao, na hupatikana bure kwenye intaneti. Mwombe wakala akuoneshe tarehe hizo kwanza, kisha ndipo akuoneshe bei.

Wiki tunayoipendekeza zaidi ni ile ambayo watu wachache huiwazia: siku zilizo kati ya kufunguliwa kwa shule za Dubai na kufunguliwa kwa shule za kwetu. Wanafunzi wa Dubai hurejea madarasani katika wiki ya kwanza kamili ya Januari. Wa kwetu, kwa kalenda za miaka ya karibuni, wamekuwa wakirejea kati ya tarehe 8 na 13. Hapo katikati huwa kuna siku chache, pengine tano, pengine saba, ambazo hewa bado ni ya baridi ya kupendeza, wageni wa Mwaka Mpya wamekwisha kuondoka, na mtoto wako hakosi hata kipindi kimoja. Tunafahamu kwamba Januari ni mwezi wa ada, sare na madaftari, na kwa familia nyingi neno "safari" katika mwezi huo ni kama mzaha. Lakini kama fedha ya likizo imekwisha kutengwa peke yake, tofauti ya bei ya hoteli kati ya tarehe 30 Desemba na tarehe 7 Januari inaweza kuchangia sehemu ya hiyo ada.

Likizo fupi ya katikati ya muhula, mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili, haina mengi ya kusemwa. Ni siku chache, mara nyingi huangukia karibu na likizo ya majira ya kuchipua ya huko na Pasaka ya watalii wa Ulaya, na nauli huwa imepanda.

Kalenda ya mwezi mwandamo nayo ina lake. Ramadhani hurudi nyuma takriban siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa Kizungu, hivyo haiwezi kukariri mwezi mmoja. Katika Ramadhani bustani hubadili saa zake, nyingi zikifungua na kufunga kwa kuchelewa, na mchana huwa kimya. Familia isiyofunga, au yenye watoto wadogo, hupata nafasi tele. Ile inayofunga haina sababu ya kujitesa juani. Siku za Idi zenyewe, iwe ya Fitri au ya Kuchinja, ni za kuepukwa na kila mtu. Ofisi zote zimefungwa na kila mzazi wa nchi ile amewatoa watoto wake.

Juni: msimu ambao wakala anauita "mbaya"

Mlaji akiuliza kuhusu Juni, jibu analopewa mara nyingi ni kwamba kuna joto. Ni kweli, na si jambo la kufanyiwa mzaha. Kati ya Juni na Septemba jotoridi la mchana hupita nyuzi 40, na Agosti unyevu wa bahari huongeza uzito wake. Sheria za nchi hiyo hupiga marufuku kazi za juani kuanzia saa 6:30 mchana hadi saa 9 alasiri, tangu tarehe 15 Juni hadi tarehe 15 Septemba. Ikiwa fundi mzoefu haruhusiwi kusimama juani saa hizo, mtoto wa miaka mitano aliyetoka Iringa asisimamishwe.

Hata hivyo, tukiangalia kwa makini, Juni ina hoja nzuri kuliko inavyodhaniwa. Shule za kwetu hufunga mwanzoni mwa mwezi, na zile za Dubai huendelea na masomo hadi mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai. Kwa wiki karibu tatu, mtoto wako yuko huru na mtoto wa Dubai yuko darasani. Hoteli zina vyumba vitupu, na nyingi huwapa watoto malazi au chakula bila malipo ili kuvijaza. Na hili ndilo la msingi: bustani kadhaa kubwa hazihusiki na jua. IMG Worlds, Warner Bros. World na sehemu kubwa ya Ferrari World na SeaWorld ziko ndani ya majengo yenye viyoyozi. Humo ndani Juni na Januari ni mwezi mmoja. Beba sweta kwa ajili ya kiyoyozi.

Bustani za wazi ni habari nyingine. Motiongate na Legoland zina majengo ya ndani, lakini mwenda huko atatembea nje pia, na mwezi Juni zifaazo ni saa za jioni. Global Village haifunguliwi kabisa wakati wa kiangazi. Msimu wake huanza karibu Oktoba na kuishia karibu Mei. Kifurushi cha Juni kinachotaja Global Village kina kasoro, na ni haki yako kuuliza kasoro hiyo imetokea wapi.

Lipo pia jambo ambalo watetezi wa msimu mtulivu husahau kulisema. Bustani hutumia miezi yenye wageni wachache kufanya matengenezo, hivyo bembea moja au mbili zinaweza kufungwa, na nyingine zikaendeshwa kwa treni moja badala ya mbili. Tovuti za bustani huwa na orodha ya bembea zilizo katika matengenezo. Kama mtoto wako amekariri jina la bembea fulani kwa miezi sita, angalia orodha hiyo kabla ya kulipa. Kwa maoni yetu, familia yenye watoto wa chini ya miaka kumi na isiyojali kukaa ndani mchana itapata thamani kubwa zaidi ya fedha yake katika wiki mbili za kati za Juni. Familia inayotaka pia ufuko, safari ya jangwani na matembezi ya mjini isubiri Januari.

Siku ndani ya wiki

Ndugu na jamaa waliowahi kuishi Dubai bado huwashauri wageni waepuke Ijumaa. Ushauri huo ulikuwa sahihi zamani. Tangu Januari 2022 mapumziko ya wiki ya serikali ni Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa ni nusu siku. Sharjah, emirati jirani, hupumzika siku zote tatu. Hivyo Jumamosi na Jumapili ndizo zilizojaa, Ijumaa jioni hufuatia, na siku tulivu ni kuanzia Jumanne hadi Alhamisi. Panga ndege ifike Jumapili au Jumatatu, uipe familia siku moja ya kulala, kisha uende bustanini Jumanne.

Fika kabla ya geti kufunguliwa. Katika saa ya kwanza foleni bado haijaanza kujilimbikiza kwa hesabu tuliyoieleza, na bembea mbili au tatu kubwa unaweza kuzimaliza wakati wengine wanatafuta ramani. Chakula cha mchana kiliwe mapema, saa 5:30, au kicheleweshwe hadi saa 9. Saa ya Dubai iko mbele ya yetu kwa saa moja. Kwa mtoto aliyezoea kuamka kwenda shule, hilo halina uzito.

Kabla ya kutoa kianzio

Mpime mtoto kwanza. Bembea nyingi huruhusu kwa urefu na si kwa umri, na mipaka inayokutwa mara kwa mara ni sentimita 105, 120, 130 na 140. Msimamizi wa bembea hana mamlaka ya kulegeza hata sentimita moja, na hapaswi kuwa nayo. Legoland imekusudiwa watoto wa miaka miwili hadi 12. Ferrari World, yenye treni ifikayo kilomita 240 kwa saa, itamfurahisha kaka wa miaka 15 huku mdogo wake akitazama. Baadhi ya bustani za maji hutoza tiketi kwa kufuata urefu vilevile, hivyo mtoto mrefu wa miaka saba anaweza kulipiwa kama mtu mzima. Msimamishe ukutani bila viatu, uandike namba, uende nayo kwa wakala.

Pili, uliza aina ya tiketi. Ipo ya tarehe maalumu na ipo iliyo wazi ndani ya kipindi fulani. Ya tarehe maalumu huwa nafuu, lakini Mtanzania anahitaji viza kabla ya kusafiri, na viza ikichelewa tiketi hufa. Usinunue tiketi ya tarehe maalumu kabla viza za familia nzima hazijatoka. Ada ya viza kwa kawaida hairejeshwi hata maombi yakikataliwa. Wakala anayeahidi kwamba "itatoka tu" aiandike ahadi hiyo kwenye mkataba, uone kama ataiandika.

Tatu, dirhamu imefungwa kwenye dola tangu mwaka 1997, kwa kiwango cha 3.6725 kwa dola moja. Shilingi haijafungwa. Ukitoa kianzio Machi na kumalizia Juni, mkataba uoneshe salio litahesabiwa kwa kiwango cha siku ipi. Uliza pia kama bei inajumuisha tozo ya utalii ya Dubai, ambayo hotelini hulipwa kwa kila chumba kwa kila usiku, kati ya dirhamu 7 na 20 kulingana na daraja la hoteli. Kwa usiku sita si fedha nyingi, lakini hudaiwa mapokezini, pale ambapo mzazi amechoka na hana dirhamu mfukoni.

Mkataba utaje jina la kila bustani, si "bustani ya burudani" tu. Utaje tarehe au kipindi cha matumizi, usafiri wa kwenda na kurudi kama Yas ipo kwenye ratiba (ni mwendo wa saa moja na zaidi kutoka katikati ya Dubai), na masharti ya kubadili tarehe endapo mtoto ataugua. Wakala awe na leseni ya biashara za utalii, na malipo yote, pamoja na kianzio, yatolewe risiti ya kielektroniki. Malipo yaliyotumwa kwenye namba ya simu ya mtu binafsi huwa magumu kuyafuatilia.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa au huduma anayouza. Kifurushi kilichoandikwa "msimu tulivu" kwa tarehe 27 Desemba, au kinachotaja bustani iliyofungwa kwa msimu, kinaweza kulalamikiwa. Mwandikie wakala kwanza, ukieleza kilichoahidiwa na kilichotolewa, na umpe siku maalumu za kujibu. Asipojibu, leta katika ofisi yetu nakala ya mkataba, kipeperushi, risiti na ujumbe wa simu mlioandikiana. Kipeperushi ndicho walalamikaji hutupa mapema, nacho mara nyingi ndicho ushahidi bora. Kipige picha siku ileile unapopewa.